Nyayo kwenye Brauni Namba Sita

Mwanamke akimwona mwenzake anachota mchanga kwenye nyayo za mumewe, asikimbilie jembe. Aulize kwanza. Akishauliza na bado moyo unawaka, aulize tena. Na kama hapo pia hajatulia, basi aje kwangu nimpe maji ya kunywa na kigoda cha kukalia, nimsimulie habari ya mwanangu Muzdalifa. Nyie mnaoolewa mwaka huu, na nyie mama zao mnaoshona sare za harusi, haya ni yenu.

Kijiji chetu kinaitwa Gofuni. Ukiiacha lami pale Bungu unaelekea mtoni. Jina limetokana na kiwanja cha gofu kilichoachwa na Waingereza wa kampuni ya pamba. Msidhani ni kile cha kwenye televisheni, chenye majani kama zulia. Jua la kwetu halikubali mambo hayo. Pale penye shimo, mpira unapomalizia safari yake, hapana jani hata moja. Pana mchanga wa mtoni uliochanganywa na oili chafu ya magari, ukasawazishwa hadi ukalala kama kitambaa cheusi kilichopigwa pasi. Tunapaita brauni, tangu enzi za babu zetu. Mabrauni yapo tisa na kila moja lina namba yake.

Brauni lina sheria yake: halilali na nyayo. Ukishacheza unachukua buruta, ule mti uliofungwa gunia upande mmoja, unalivuta kwa kuzunguka kuanzia shimoni kwenda nje, na hatua zako zote zinafutika. Hata mtoto aliyekatiza na ndoo kichwani anarudi kufuta. Aliyeilinda sheria hiyo ni Mzee Abubakary, na alipofariki ikashikwa na mjukuu wake, Mudrick. Wachezaji wenyewe wachache: walimu wastaafu wa Kibiti, wanunuzi wa korosho, na daktari mmoja mwenye tumbo ambaye akipiga mpira anauangalia unavyopotea kama anayeaga meli.

Sasa sikieni Muzdalifa alivyoolewa, maana bila hilo hamtalielewa jembe.

Alipokuwa msichana alipita kiwanjani kwenda kuni. Njia ya mkato inakatiza brauni namba sita, lile lililo juu ya kilima kidogo karibu na mto, mahali ambapo hata mafuriko hayajapanda. Anapita, hafuti. Mkorofi tangu anatambaa. Siku moja Mudrick akamsimamisha.

"Wewe ndiye unayenichafulia sita."

"Nani kakwambia ni mie?"

"Nyayo zako nazijua. Kidole cha pili kirefu kuliko kidole gumba, na mguu wa kushoto unaukanyagia kwa nje."

"Kumbe unaniangalia miguu!"

"Naangalia brauni langu."

"Basi zifute."

"Za leo sizifuti."

Na hakuzifuta. Wazee wa gofu walikuja wakapiga kelele, akawaambia wacheze la saba kwanza. Ikawa mchezo wao. Kijiji kizima kikajua kuwa zikilala nyayo kwenye sita ni za binti yangu, hadi posa ikaja na sisi hatukuuliza mengi. Hata baada ya ndoa, wakigombana asubuhi, Muzdalifa anapita sita akienda kisimani, kisha alasiri anakwenda kuchungulia. Akizikuta bado zipo, mume anapikiwa wali wa nazi nzito na perege wa kukaanga. Akikuta zimefutwa, mume anakula ugali na mlenda, tena anaukuta umepoa.

Basi mwaka huu, mpunga ukiwa umeshavunwa, akaja mgeni. Jina lake Hafidha, binti wa Kilwa aliyesomea Dar kisha ng'ambo. Kazi yake ni kutafuta majengo na viwanja vya zamani vyenye thamani, viandikishwe visibomolewe. Kwa kuwa chumba cha mwanangu Habibu kiko wazi tangu ahamie Mtwara, viongozi wa kijiji wakamleta kwangu. Mtu mwepesi, mcheshi, anaosha sahani yake mwenyewe. Jioni ya kwanza tumekaa barazani akaniuliza:

"Mama, unajua kiwanja hiki kakichora nani?"

"Mzungu."

"Mzungu gani?"

"Mwanangu, wakati ule Mzungu alikuwa Mzungu."

Alicheka mpaka akakiweka kikombe chini. Halafu akanieleza. Mchoraji aliitwa Bwana Harobi, fundi wa viwanja vya gofu aliyesifika dunia nzima, na watu hupanda ndege kwenda kuona tu alivyokipindisha kilima. Inasemekana aliletwa huku na kampuni ya pamba, akakaa msimu mmoja, homa ikamshika, akaondoka. Lakini inasemekana tu. Hakuna aliyethibitisha. Na serikali ya kijiji ilishaanza kuzungumza kukikata kiwanja wagawiwe watu wajenge.

"Utathibitishaje na mwenyewe kafa?" nikamuuliza.

"Alikuwa na namna yake, Mama. Chini ya mchanga aliweka udongo wa mfinyanzi kama sahani, juu yake maganda ya chaza yaliyopondwa, ndipo mchanga. Maji yanashuka, brauni halituami. Hakuna mwingine aliyefanya hivyo. Mudrick anasema mabrauni mengine yote yameshafumuliwa na kujengwa upya. Namba sita tu ndiyo haijaguswa chini. Wakubwa zangu wanakuja Alhamisi ya wiki ijayo. Nitalikata mbele yao kama keki, matabaka waone kwa macho yao."

Nikamwambia Mungu akusaidie. Sikuwa na shaka yoyote wakati ule. Shaka ilianza kwa kicheko.

Mudrick si mcheshi. Ni mtu wa kunyamaza na kuvuta buruta. Lakini tangu Hafidha aje, alikuwa anaongea. Alimweleza Hafidha jinsi babu yake alivyochekecha mchanga, alivyoonja oili kwa ulimi kujua kama ina maji, alivyokuwa akilisalimia kila brauni asubuhi. Hakuna aliyewahi kumuuliza habari hizo, hata mwanangu, na mimi mama mkwe ndiyo kabisa. Muzdalifa anapeleka chakula kiwanjani, kabla hajafika anasikia mumewe anacheka. Kicheko kirefu, cha tumboni. Akifika kimekatika.

"Mlikuwa mnacheka nini?" anauliza.

"Aa, habari za babu tu."

"Babu alikuwa anachekesha? Mie mbona nimemkuta mkali?"

Siku moja akawakuta wamepiga magoti juu ya sita, vichwa vimeinamiana, Hafidha ana kijiko kidogo mkononi. Mudrick kasimama hapo hapo muda si mrefu, alama za miguu yake zimo. Hafidha anachota mchanga, anatia kwenye kimfuko cha plastiki, anafunga, anaandika namba. Muzdalifa aliweka chakula chini akaondoka bila kusema karibuni.

Alikuja moja kwa moja kwangu. Nilikuwa napepeta mchele.

"Mama, za kwake hafuti."

"Zipi?"

"Nyayo. Za viatu vya huyo mgeni wako. Zimelala kwenye sita tangu juzi. Tena kazizungushia uzi na vijiti, Mama. Uzi! Mie hajawahi kunizungushia uzi."

"Ni kazi ile, mwanangu. Dada wa watu anapima."

"Unamtetea kwa sababu anakaa kwako."

"Namtetea kwa sababu ana mume. Kila baada ya Isha namsikia kwenye simu anamuuliza kama mtoto kanywa dawa."

"Mwanamke mwenye mume ndiye wa kuogopa. Hana haraka."

Niliendelea kupepeta. Mtu akishaanza kutengeneza hoja kutoka kwenye kila kitu, ukimwambia jua limechomoza atakuuliza limechomoza kwa ajili ya nani.

Nikaanza kuwa na hofu. Hofu ya mama ni kama mbwa wa jirani, inabweka kabla mwizi hajafika, na kila mtu anaiambia nyamaza, lala. Nilimwona Muzdalifa anazinusa shati za mumewe kabla ya kuzitia majini. Nilimwona amepaka hina nyayoni siku isiyo ya sherehe, akapita sita asubuhi. Aliporudi kuchungulia, zake zimefutwa. Za viatu zimo, ndani ya uzi.

Sasa yuko huyu Mwanamize. Mwanamize ni mtani wetu, ukoo wao na wetu wanataniana tangu mababu. Mtani ana ruhusa ya kusema lolote na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Alipofariki mume wangu, Mwanamize alivaa kanzu yake na kofia yake akapita katikati ya wafiwa akitembea kama yeye, huku akifoka kuwa chai haina sukari. Tulilia tukicheka. Ndiyo kazi ya mtani, kuupa msiba pumzi. Lakini mtani ni wa mtu aliye mzima moyoni. Mgonjwa hapewi pilipili.

Tulikutana naye kwenye mashine ya kukoboa mpunga, wanawake wamejaa, kila mmoja na debe lake.

"We Muzdalifa!" akaita toka mlangoni. "Bado upo? Nilidhani umeshafungasha."

"Nifungashe niende wapi, mchawi wewe?"

"Mwenzio anachota nyayo za mumeo kwa kijiko! Anazifunga kwenye mifuko, anaziandika namba. Sie wachawi wa kienyeji tunachota kwa kiganja, tukifika nyumbani tumeshasahau ni ya Mudrick au ya mbuzi. Yeye kasoma bwana, ana kumbukumbu!"

Wanawake wakaangua kicheko. Hata aliyekuwa akiendesha mashine akapunguza moto asikie.

"Na pale alipozungushia uzi," Mwanamize akaendelea, mkono kiunoni, "ndipo alipozika kitu. Alhamisi kinaiva. Kikishaiva, Mudrick ataitwa na mama yake mzazi asigeuke. Wewe ndiyo atakuuliza, samahani dada, tumeonana wapi?"

Kicheko tena. Muzdalifa naye alicheka. Lakini mimi nilimzaa yule, najua anavyocheka. Alicheka kwa meno. Kisha akabeba debe lake akaondoka, pumba zake akaziacha pale pale, na ana kuku nyumbani.

Njiani nikamwambia, "Mwanamize anatania."

"Najua, Mama."

"Ni mtani yule."

"Najua. Lakini Alhamisi kaijuaje?"

"Kijiji kizima kinaijua Alhamisi! Wageni wanakuja!"

Akaongeza mwendo.

Nikaona nimfuate Mudrick mwenyewe. Nilimkuta namba nne anachekecha mchanga. Akanisalimia kwa adabu, akanifutia jiwe nikae.

"Baba," nikamwambia, "zile nyayo ndani ya uzi zifute."

"Nikigusa pale, Mama, kazi yote ya dada imeharibika. Kapima, kapiga picha, vijiti vyake havitakiwi kusogea. Mwambie Muzdalifa asubiri Alhamisi."

"Mwambie wewe."

"Nimemwambia. Ananisikia kama redio ya jirani."

"Basi punguza kucheka."

Akaniangalia kama nimemwambia apunguze kupumua. Sitawadanganya, sitasema Mudrick hakuwa na lake. Mwanamume akipata mtu wa kumsikiliza hunenepa shingo, na yeye alinenepa. Ila mchana ule nilimtazama vizuri na sikuona la haramu. Niliona mtu anayesubiri Alhamisi kama mtoto anavyosubiri Idi.

Jumanne akawasha pikipiki kwenda Bungu kuchukua oili kwenye magereji, na Hafidha akapanda nyuma, anataka kuona oili inapotoka. Wamepita mbele ya nyumba yangu, Muzdalifa amesimama nami uani. Mimi nilimwona Hafidha kashika chuma cha nyuma ya kiti. Muzdalifa alimwona kashika kiuno. Njia moja, pikipiki moja, jua limewaka.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona chuma."

Akaingia stoo yangu. Nilidhani anafuata ungo. Niliendelea kugeuza mpunga kwenye mkeka, mpaka nikashtuka kuwa kimya kimezidi. Kwenda stoo, hayupo. Na jembe halipo.

Miguu yangu si ya kukimbia tena, lakini nilikimbia. Kabla sijapanda kile kilima nilishasikia, pu, pu, pu. Nilipofika, uzi umekatika na vijiti vimetupwa. Brauni lililolala kama kitambaa tangu zama za babu wa mumewe limegeuzwa shamba la mihogo. Muzdalifa yumo ndani ya shimo hadi magotini, kitenge kakifunga kifuani, jasho linamtiririka.

"Muzdalifa! Unafanya nini?"

"Kiko wapi?"

"Nini?"

"Alichokizika!"

Nikaushika mpini. Akaunyakua. Ana nguvu yule, kalelewa kwa perege. Akainama akachota konzi ya vitu vyeupe akanionyesha, macho yamemtoka.

"Ona, Mama! Ona maganda haya! Nani anaweka maganda ya chaza juu ya kilima? Pwani iko wapi hapa? Na udongo huu wa kufinyangia vyungu umefikaje? Mlisema natunga. Uchawi si huu?"

Mie nikakaa chini. Maana niliyajua yale maganda. Nilishaambiwa habari zake barazani kwangu, na kikombe cha chai mkononi. Udongo wa mfinyanzi kama sahani, maganda juu yake, kisha mchanga. Yote yalikuwepo, kama alivyosema Hafidha. Na yote yalikuwa yamechanganyika kwenye rundo moja, kama kande.

"Mwanangu," nikamwambia, "hayo ndiyo aliyokuwa anayatafuta."

"Ndiyo maana nimeyatoa."

"Hakuyazika yeye. Kayazika yule Mzungu."

Nikamweleza, pale pale, na yeye amesimama ndani ya shimo. Nilimwona anavyoelewa. Ilianza mikononi, jembe likalegea, kisha likafika usoni. Akatazama rundo. Akatazama njia ya Bungu. Mnajua neno alilolisema? Sikutegemea samahani, lakini hata lile sikulitegemea.

"Tutasema nguruwe."

"Sisemi kitu mie."

"Nguruwe pori wanafukua kila siku, Mama. Mashamba ya watu wamemaliza. Nguruwe."

Akapeleka jembe kulificha. Mpaka pikipiki inarudi, watu walishakusanyika, habari haijifichi kijijini. Hafidha alishuka kabla pikipiki haijasimama vizuri. Akapiga magoti kwenye ukingo, akaokota kipande cha udongo, akaokota ganda, akajaribu kukiweka kimoja juu ya kingine, kikaanguka. Nilitamani aseme neno, hata atukane.

"Nguruwe," Muzdalifa akasema. "Nimewakuta, nimewafukuza mwenyewe. Wakubwa hao!"

"Mwaka huu wamezidi," akasema Mzee Ismaily, mjomba wake Mudrick. "Kwangu wamekula mihogo yote."

Watu wakaanza kuwalaani nguruwe. Mudrick yeye hakulaani. Alilizunguka shimo polepole, kwa nje, bila kukanyaga, kama alivyofundishwa na babu yake. Akasimama. Akainama akaangalia mchanga uliotawanyika, ule mweusi wenye oili unaoshika alama vizuri kuliko karatasi.

"Nguruwe huyu," akasema, "kidole chake cha pili kirefu kuliko kidole gumba."

Akasogea hatua moja, akainama tena.

"Na mguu wa kushoto anaukanyagia kwa nje."

Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ile aliyomtongozea. Watu wakageuka mmoja mmoja kuangalia miguu ya mwanangu. Alikuwa peku, hina bado haijafifia.

Mwanamize akatoa macho. "Mie mtani jamani! Tangu lini maneno ya mtani yakaendewa na jembe?"

Ilikuwa ni mara ya kwanza naona Mwanamize anasema kitu na hakuna anayecheka.

"Ulikuwa unatafuta nini?" Mudrick akamuuliza mkewe.

"Nyayo zake uliziwekea uzi."

"Uzi kaweka yeye. Niliambiwa nisiguse, sikugusa. Nilikwambia."

"Na zangu?" Sauti ikampanda. "Zangu tangu Mfungo Mosi unazifuta! Napita kila siku, unafuta! Na sijakugombeza, sijakukosea kitu. Unafuta tu!"

Mudrick alisimama na lile buruta mkononi, wala sijui alilichukua saa ngapi. Mwishowe akasema, "Nilikuwa naziona kila siku. Nilijua na kesho zitakuwepo."

Mkilisikia neno hilo msilirukie haraka. Lilimtoka moyoni, na lilikuwa kweli, na halikusaidia kitu.

Alhamisi wakubwa walikuja na gari lao. Hafidha aliwaonyesha rundo. Wakapiga picha, wakanong'onezana kwa Kiingereza, mmoja akageuza ganda kwa ncha ya kiatu. Walisema maganda yaliyo ndani ya shimo lililochimbwa juzi yanaweza kuwa yametiwa juzi. Walisema kwa upole. Wakanywa madafu, wakaondoka. Wiki hiyo hiyo kijijini watu wakaanza kuulizana nani atapata kiwanja upande wa mtoni.

Hafidha alipokuwa anafungasha, nilimwomba radhi kwa niaba ya nyumba yangu. Nikamweleza habari ya nyayo, maana alikuwa bado hajaelewa hata kidogo.

"Nyayo zake?" akashangaa. "Mama, mimi nilikuwa nachukua mchanga wa juu nikapime una oili kiasi gani. Hata sikuona kama amepakanyaga." Akakaa kitandani. "Na yeye kwa nini hakuniuliza? Nilikuwa hapa hapa. Tungekula sahani moja tukaongea."

Kumuuliza mtu ni jambo dogo sana. Labda ndiyo maana aliona aibu kuliko kushika jembe.

Mudrick hakumpiga Muzdalifa, hakumtukana. Ingekuwa afadhali, tungepata la kumsuta. Alikuja kwangu na Mzee Ismaily na mzee mwingine wa msikitini, akavua viatu, akasalimia, akaitoa talaka moja mbele yetu kwa sauti ya mtu anayesoma dua. Kisha akanigeukia.

"Mama, sikumvunjia mwanao heshima. Na wewe usinivunjie yangu."

"Moja inarejeka, baba," nikamwambia.

"Najua," akasema, akavaa viatu vyake.

Basi Muzdalifa anakaa eda kwangu, kwenye chumba cha Habibu, kitanda kile kile alicholalia Hafidha. Siku ya kwanza aliutoa mto nje akaufua, akisema unanuka manukato ya watu. Siku ya pili akaufua tena. Nikamwambia mto sasa una harufu ya sabuni tu, akaniambia pua yangu imezeeka.

Mudrick akaanza kulijenga upya namba sita. Hakuna aliyemtuma. Alichimba udongo mtoni, akautandaza kama sahani, akayaosha yale maganda yote akayarudisha, akachekecha mchanga, akatia oili. Watu wakipita wanamwambia kiwanja kitakatwa hiki, unajisumbua bure. Anaitikia salamu na kuendelea. Siwezi kusema kwamba anamjengea mwanangu, na siwezi kusema kwamba hamjengei. Mimi ni mama, nilikuwa nikipita njia ile kila siku na kuhesabu ndoo za mchanga kama rakaa.

Juzi, eda ikiwa inaelekea ukingoni, Muzdalifa akaniambia anakwenda kuni. Nilimwambia mwenye eda hazururi. Akasema hapa tu. Alirudi na umande miguuni, kuni hana.

"Mama," akasema, "leo alasiri upite sita."

Nikaelewa. Mchana kutwa mkeka wa mpunga nikausahau juani, kuku wakala. Baada ya swala nikajitanda nikaenda. Nilipanda kile kilima nikiomba njia nzima. Nilitaka nione kidole cha pili kirefu kuliko kidole gumba. Unyayo mmoja tu ungetosha.

Brauni lilikuwa limelala jeusi, limepigwa pasi, halina hata alama ya mjusi. Buruta limeegemezwa kwenye nguzo yake. Mudrick alikuwa namba saba, akanyanyua mkono.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba."

Akarudi kwenye kazi yake. Nikasimama kidogo, labda ataongeza neno. Hakuongeza. Lakini hakunikunjia uso, na mimi njiani nikajipangia: kesho nitamfuata, nitamwambia baba, alilifuata jembe mwenyewe likamponza, mrejee kabla eda haijaisha, atakuwa amejifunza. Niliyapanga maneno vizuri, la kwanza mpaka la mwisho.

Muzdalifa alikuwa mlangoni, kashika ungo ambao hauna kitu.

"Zipo?"

"Hazipo, mwanangu. Kafuta."

Nikasogea nimshike, nikidhani sasa atalia, na akilia vizuri huenda kile kitu kitatoka. Akanitazama, na macho yake yakawa yale yale ya siku ya pikipiki.

"Na za mwingine," akaniuliza, "zipo?"

Maneno yangu yote niliyoyapangia kesho nikayameza pale mlangoni. Nikampita nikaingia jikoni kuutoa wali motoni, maana ulishaanza kuungua.